Geuzeni Sahani, Wimbo Haujaisha

Jumapili iliyopita, kwenye usiku wa zilizopendwa katika ukumbi mmoja huku South B, Nairobi, DJ aliukata wimbo wa Les Wanyika, bendi ya zamani ya mji huu, pale pale waimbaji waliponyamaza na magitaa yakaanza kujibizana. Hakungoja hata nusu dakika. Akarukia wimbo mwingine, watu wakaendelea kucheza, na mezani petu ubishi kuhusu albamu bora ya Wanyika ukaendelea kama vile hakuna kilichopotea. Mimi nilinyamaza kwa hasira, na hasira yenyewe haijaisha.

Ubishi huo mnaujua. Kuna wanaoshikilia Amigo mpaka kesho. Kuna wanaoapa kwa Paulina. Kuna wazee wasiotaka hata kusikia Les Wanyika ikitajwa kabla hatujaheshimu Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga, na hapo wana haki yao. Kisha atatokea mmoja aseme Wakongo waliwafundisha wote, Super Mazembe na Les Mangelepa watajwe, na usiku utaisha hivyo. Napenda mabishano haya. Nimekulia ndani yake. Lakini tunabishania albamu za bendi ambazo kazi yao kubwa haikuzaliwa kwenye albamu, na huku tunabishana, nusu ya kazi hiyo inapotea mbele ya macho yetu.

Arusha Jazz, bendi ya ndugu hao Kinyonga, ilipohamia Kenya mwaka 1971 na kuwa Simba Wanyika, na hata mwaka 1978 wakati Omar Shabani, Tom Malanga na wenzao walipojitoa na Les Wanyika ikazaliwa, muziki wa mji huu ulikuwa ukiuzwa kwa singo. Sahani ndogo ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika nne hivi, tano ukibanwa. Sasa chukua bendi ambayo ukumbini inapiga wimbo mmoja mpaka mashati yanalowa, uiambie iingie kwenye dakika nne. Haiingii. Kwa hiyo wimbo ukagawanywa: Part 1 huku, Part 2 kule. Mwisho wa upande wa kwanza fundi anashusha sauti polepole bendi ikiwa bado inapiga, wewe unainuka, unageuza sahani, unarudisha sindano, na bendi inarudi kutoka mbali, ikiwa palepale ulipoiachia au hatua chache nyuma.

Kwa hiyo mtu wa hapa akisema upande B, hazungumzii wimbo wa ziada. Bendi za rock za Uingereza zilikuwa zikiweka huko nyuma nyimbo zisizopata nafasi kwenye albamu, na mashabiki wao wana raha ya kuzichimbua na kuzigombania. Sisi upande wetu wa pili ni wimbo uleule ukiwa umefika unakoenda. Anayesikiliza Part 1 peke yake ameketi mezani, amenawa mikono, halafu akaondoka kabla ugali haujaletwa.

Na kule nyuma kuna nini? Kuna magitaa. Upande wa kwanza ni wa maneno: mtu analalamika, anaomba msamaha, anamsihi mpenzi, anamwuliza jamaa mwenye wivu hasira ni za nini. Magitaa yapo, lakini yanamsindikiza mwimbaji. Upande wa pili mwimbaji ameshasema yake na sasa ni zamu ya wapigaji. Les Wanyika hawakuwa na haja ya kukimbia kama bendi nyingi za Kikongo zinapoingia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi. Wao hukaza palepale. Besi ya Tom Malanga inatembea, inaacha pengo, inarudi. Gitaa la solo linapita juu. Katikati yao kuna gitaa la ridhimu la Omar Shabani, ambaye watu walimwita Profesa na hawakukosea.

Hebu mfuatilieni huyo mtu mmoja kwa makini. Wekeni spika za masikioni, sahauni solo kabisa, mshikeni yeye tu. Anarudia kifungu kifupi, tena na tena, na kila mara mkono unagusa nyuzi kwa uzito tofauti kidogo. Mara anachelewesha noti moja kwa kiasi ambacho kalamu haiwezi kuandika. Mara ananyamaza pale ambapo sikio lilikuwa limemngoja, na besi inaziba. Ukikaa naye dakika tatu mfululizo utatambua kwamba wimbo mzima umemwegemea yeye, na wengine wote wako huru kwa sababu yeye hajatikisika. Hili hulisikii kwenye Part 1, maana masikio yako yako kwa mwimbaji. Ndiyo maana mjini hapa mtu anaweza kukuimbia Sina Makosa ya Les Wanyika kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho lakini ukimwuliza gitaa la ridhimu alipiga nani, anakutazama tu. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Nenda Kenyatta Market, kwenye vile vibanda vya santuri, uombe kuonyeshwa singo za zamani. Nyingi zina jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu juu ya karatasi ya katikati, ili zisipotee zikipelekwa kwenye sherehe. Ishike sahani uilaze chini ya mwanga. Mara nyingi upande A umechakaa mpaka umegeuka kijivu, na upande B bado ni mweusi, unang'aa, michirizi yake mizima. Miaka zaidi ya arobaini ndani ya nyumba ya mtu, na nusu ya wimbo karibu haijaguswa na sindano! Lakini niliwahi kukuta moja iliyo kinyume chake. Part 1 ilikuwa safi, Part 2 imeliwa mpaka sindano ikawa inateleza. Nilitamani sana kumjua mwenye sahani ile. Mzee aliyekuwa amekaa pale kibandani akaichukua, akaitazama pande zote mbili, akaniambia, "Kijana, huyu alikuwa mcheza dansi." Hakuongeza neno.

Nani ametufikisha hapa? Redio ina sehemu yake, maana mtangazaji mwenye matangazo na taarifa ya habari mbele yake haoni faida ya kugeuza sahani. Kanda za kunakiliwa zina sehemu yake kubwa zaidi. Kanda niliyokulia nayo nyumbani ilikuwa imejaa Part 1 tupu, moja baada ya nyingine, kila wimbo ukififia njiani, na kwa miaka mingi nilidhani hivyo ndivyo walivyoumaliza. Sasa ni zamu ya mtandao. Mtu anapandisha upande mmoja, anaandika jina la wimbo, maelfu wanausikiliza, na huo unakuwa ndio wimbo wenyewe. Kizazi kinachokuja kitarithi muziki wa Nairobi uliokatwa katikati.

Najua kuna watakaosema watu wanaenda ukumbini kuimba pamoja, na magitaa matupu dakika nne yatawachosha vijana. Haya, mgeni wa mara ya kwanza anashikwa na maneno kwanza, hilo nalikubali. Lakini kumchosha? Muziki huu ulitengenezwa ili watu wacheze, na sehemu ya kucheza ndiyo hiyo mnayoikata. Siku hiyo ya Jumapili kuna mama mmoja alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, ameweka mkoba chini, ameshika kiuno, anaingia uwanjani taratibu. Alikuwa amengoja magitaa. DJ alipokata alisimama kidogo, akaokota mkoba, akarudi kukaa. Niambieni ni nani aliyechoshwa pale.

Wapenzi wa albamu nao wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Miaka ya 1980 sahani kubwa zilipozoeleka hapa, bendi ziliweka nyimbo chache ndefu bila kuzikata, na baadhi ya rekodi hizo zinanishinda nguvu. Wimbo unapumua kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mtu kuinuka. Sawa. Lakini hata huko DJ anaukata palepale, kwa sababu kidole chake kimezoea kwamba waimbaji wakinyamaza, wimbo umekwisha. Muziki wa benga nao umefanyiwa hivyohivyo, na wapenzi wa D.O. Misiani wanajua ninachosema.

Nyinyi mlio na singo hizi nyumbani, kwenye makabati ya wazazi, chini ya vitanda, kwenye masanduku yaliyotoka ushago, nawaomba mambo machache. Zisafisheni taratibu kwa kitambaa laini, mkifuata duara la michirizi. Rekodini pande zote mbili, hata kama upande wa pili unakwaruza. Mkiweza kuunganisha, unganisheni pale sauti inapofifia, lakini hifadhini pia pande mbili kama zilivyo, bila kuzigusa. Pigeni picha karatasi ya katikati, maana namba ya sahani na jina la mtunzi viko hapo. Na mkipandisha mtandaoni, andikeni wapigaji mnaowajua kwa hakika: Omar Shabani, ridhimu, Tom Malanga, besi, John Ngereza, solo na sauti, Rashid Juma, ngoma. Wote wapewe majina yao.

Ngereza alikuwa na sauti na solo la kumtoa mtu machozi, na wanaomweka juu ya wote katika Les Wanyika siwakatazi. Ninachotaka ni wamsikilize Shabani kwenye Part 2 mpaka mwisho, sauti ikiwa juu, halafu waje tubishane.