Mtu Mzima na Mambaru Yake

Mtaani kwetu watu wananiona tajiri. Hawajui kwamba fedha zangu zote ziko chini ya boneti, na zisizokuwepo hapo zishatokea kwenye ekzosti.

Ninayo Mambaru, yaani Subaru, Impreza WRX STI ya 2006, buluu, ile yenye taa za mbele kama macho ya mwewe. Na kabla hujaniuliza niliiagiza lini Japani, sikuiagiza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo STI za rika lile zilizomo nchini ndizo hizo hizo, tunauziana wenyewe kwa wenyewe. Kila anayekuuzia anakuapia kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa daktari, hakulitesa. Mimi huyo daktari nitampenda nimwone uso kwa uso, anieleze ni chuo gani kilichomfundisha kufunga bomba la turbo kwa waya wa seng'enge.

Kosa langu mbele ya watu ni kutaka gari moja lifanye kazi mbili. Kukiwa na siku ya mbio nilipeleke uwanja wa Whistling Morans, kule Athi River, nikashindane na saa, na Jumatatu asubuhi limpeleke mwanangu Salma shule. Sasa hapo pana uhalifu gani? Wajapani wenyewe walilitengeneza hivyo: milango minne, buti la kuingia magunia, na nguvu za farasi 280. Na hizo 280 ni za adabu tu. Makampuni ya kwao yalikuwa yamekubaliana yasitangaze zaidi ya hapo, na hata makubaliano yalipokufa mwaka 2004, kwenye hili waliendelea kuandika 280.

Basi nikaanza na miguu. Gari likiingia kona kwa kasi linalala upande mmoja, na tairi la nje linabebeshwa mzigo wa wenziwe wote. Dawa yake ni kulishusha chini na kutia springi na shokomzoba ngumu, lisimame wima, tairi zote zifanye kazi. Uwanjani mambo yalikuwa mazuri, wallahi. Lakini kutoka uwanjani hadi kwangu nyumbani kuna matuta. Si matuta ya serikali tu, hayo angalau mengine yana rangi. Nasema yale ya wananchi. Bodaboda akigonga kuku leo, kesho asubuhi unakuta tuta la udongo na mawe, halina alama, halina kibao, na aliyelijenga ameketi pembeni anatafuna mahindi akisubiri kuona matunda ya kazi yake.

Kwa hiyo mimi tuta silipandi, nalivuka kimshazari. Gurudumu moja moja, polepole, pua ya gari ikielekea kwenye kibanda cha mama mboga. Nyuma yangu matatu inapiga honi, makanga amening'inia mlangoni ananiuliza, "Mzee, umebeba mayai?" Gari lililoshinda dunia hilo, linapitwa na mkokoteni wa maji.

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mombasa kwa treni, nikaenda kumpokea stesheni ya Syokimau. Nikampa kiti cha nyuma kwa heshima zote. Tuta la kwanza, "Lahaula." La pili, kimya. La tatu akashika kilemba chake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, gari hili halina springi?"

"Zimo, Mama. Tena ni za bei kubwa."

"Basi wamekuibia."

Mke wangu akageuka kuangalia nje ya dirisha, mabega yanamtikisika.

Halafu kuna habari ya bushi, vile vipande vinavyokaa kwenye viungo vya miguu ya gari. Za raba za kiwandani zinalegea, gari linayumba, fundi akasema tutie zile ngumu za poliurethani. Tukatia. Sasa gari halitikisiki kabisa, ila linalia kama kitanda cha bweni. Nikirudi usiku, bawabu anafungua geti kabla sijakunja kona. Jirani wa ghorofa ya pili anajua saa ninazorudi kuliko mke wangu, na bila shaka huwa anampelekea taarifa.

Breki ndizo zinazonipandisha damu zaidi. Pedi za barabarani uwanjani zinaungua, moshi unatoka, kwa hiyo unanunua pedi za mbio. Pedi za mbio hazifanyi kazi mpaka zipate moto. Sasa niambie, Nairobi mwezi wa Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ile ya kutoka moshi mdomoni, mimi moto nautoa wapi? Nakanyaga nikiwa mbali, gari linanifikiria kwanza. Mzunguko wa kwanza nasali, mzunguko wa pili zinaamka, na zikiamka zinapiga ukelele wa kusikika Kitengela. Rimu zangu za dhahabu zimekuwa nyeusi kwa vumbi lake. Namwambia kijana wa kuosha magari asugue vizuri, ananijibu, "Mzee, nimesugua, hiyo ndiyo rangi yake."

Na hayo ni ya kheri. Siku moja Athi River naelekea kona ya mwisho wa mnyoosho, nakanyaga breki, mguu unakwenda, unakwenda, unafika sakafuni. Nikapampu. Nikatoa shahada. Nikapampu tena. Gari likasimama kwenye nyasi, mimi nimeshasamehe kila aliyenidai na kila niliyemdai. Sababu yake unaijua? Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya, kiwango chake ni isichemke kabla ya nyuzi 230, lakini ikishakunywa maji inaruhusiwa kushuka mpaka 155. Breki za mbio zinafika huko bila taabu. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, kwa hiyo wewe unakanyaga hewa. Yule muuza spea aliniuzia kopo lililokwisha funguliwa, kifuniko kimerudishwa vizuri, akaniita "bosi" huku akifuta vumbi kwa shati. Nikikumbuka lile neno "bosi" nashindwa kula.

Lakini mkasa wa ekzosti ndio ulionivunjia heshima mtaani. Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na kwenye Mambaru nyingi yale mabomba ya kwanza yanayokusanya moshi kwenda kwenye turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, hayalingani urefu. Langu kiwandani lilitoka na yanayolingana, ila aliyenitangulia alishalitia haya ya mgurumo. Mapigo ya upande mmoja yanachelewa kufika, na hapo ndipo unapopatikana ule mgurumo wa Mambaru unaofanya watoto watoke nje. Sasa akaja mjuzi mmoja akaniambia mgurumo ule ni hasara, tia mabomba ya urefu sawa, turbo itaamka mapema. Kweli ikaamka mapema. Na mgurumo ukafa. Gari likawa linatoa sauti ya gari la mtu wa benki.

Jioni ile ile jirani akanipigia. "Pole sana, nimesikia umeuza gari."

"Sijauza."

"Basi liko kwa fundi?"

"Nimepita nalo mlangoni kwako sasa hivi!"

Vijana wa stejini waliokuwa wakinipigia saluti, sasa wananiuliza kama niko kwenye teksi za simu. Mke wangu ndiye aliyefurahi peke yake, alilala usingizi wa mtoto mchanga. Nikayarudisha mabomba ya kale. Si kwa ajili ya vijana, msinielewe vibaya. Ni kwa usalama wa wanaotembea kwa miguu, wanisikie ninapokuja.

Viti navyo. Nimetia kiti cha mbio, kile chenye mabawa marefu kushika mbavu na mapaja. Kukikalia ni jambo la kutumbukia tu. Kutoka ndiyo kazi, hasa siku ya Ijumaa, mtu umevaa kanzu iliyopigwa pasi. Unatoa mguu mmoja, kanzu inabaki ndani. Unavuta kanzu, kofia inaanguka chini ya kiti. Waumini wanapita, wanakutazama, wengine wanadhani una maradhi ya mgongo. Mzee mmoja alinishika mkono kwa huruma akanivuta mpaka nje, kisha akaniombea shifaa.

Na kiti hicho kina mikanda minne inayokufunga mabega na kiuno usisogee. Jaribu kulipa ushuru wa Expressway ukiwa umefungwa hivyo. Mkono unafika dirishani, noti haifiki kwa binti wa kibandani. Yeye ananyoosha, mimi nanyoosha, baina yetu pamebaki shubiri moja isiyofikika. Nikafungua mikanda yote, nikalipa, nikaanza kujifunga upya, na walio nyuma yangu wakapiga honi mpaka zikawa muziki. Na nalipa hivyo ili niende mwendo gani? Thamanini! Kilomita 27 za lami nyororo kutoka Mlolongo mpaka Westlands, hazina tuta hata moja, na kibao kinasema thamanini. Gari linalofika mia kwa sekunde tano hivi limetembea kwa adabu nyuma ya lori la maziwa. Sikulipita. Kamera ziko, na mimi nina ada ya shule ya kulipa.

Polisi wana lao. Afande alinisimamisha barabara ya Mombasa, akalizunguka gari, akasimama nyuma.

"Hili bawa ni la nini?"

"Limetoka nalo kiwandani, afande."

"Sikuuliza limetoka wapi. La nini?"

Nikajitia mwalimu. Nikamweleza kwamba gari likienda mbio hewa inapita juu yake, bawa linaisukuma ile hewa, na gari linakandamizwa chini lisiteleze. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtu mpole kabisa.

"Kwa hiyo huwa unakwenda mbio."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza bawa ni la nini, nasema la kuanikia nguo.

Petroli tusiizungumze. Basi tuizungumze kidogo. Injini hii kwao Japani ilipangiwa petroli ya oktani 100. Huku ninaponunua mimi haipo, hata kwenye ile pampu ya ghali. Oktani ikipungua, mafuta yanawaka kabla ya wakati, pistoni zinagongwa kutoka juu, na pistoni ya Subaru haipendi kugongwa, inakatika pale kwenye mifereji ya ringi. Kwa hiyo unamtafuta kijana wa laptopu. Makanika wangu hushinda chini ya gari, amelalia katoni, oili mpaka masikioni. Kijana wa laptopu huja na viatu vyeupe, anachomeka waya chini ya staringi, anaagiza soda, anabonyeza mara tatu nne, na analipwa mara nne ya makanika. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema amerudisha nyuma moto wa plagi na kupunguza pumzi ya turbo, ili gari liwe salama kwa petroli yetu. Yaani nimelipa kupunguziwa nguvu, na soda nikanunua mimi.

Kheri kuna turbo lakini. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari lisilo na turbo linapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Turbo inajazia. Mimi mtoto wa Mombasa sina turbo, na ofisi yetu iko ghorofa ya nne, na lifti ina karatasi iliyobandikwa tangu mwaka jana.

Watu wananiambia, "Lakini Subaru ni gari la Safari Rally, inakuwaje matuta yalishinde?" Ni kweli, Colin McRae alishinda nalo hapa 1997, Richard Burns akashinda nalo 2000. Lakini la kunikera zaidi ni Patrick Njiru. Mwaka 1993 Mkenya huyu alimaliza Safari Rally akiwa wa 12, na Subaru Vivio. Unaijua Vivio? Injini cc 660! Kigari cha kupeleka mayai sokoni, kilipita kwenye mawe, matope na mito, kikafika. Mimi nina cc 1,994 na turbo, na lango la maegesho ya duka kubwa limeniondolea bampa.

Mwisho mke wangu akasema tangaza liuzwe, tununue gari la kukaa watu. Nikatangaza, nani abishane. Jumamosi akaja mtu, mwenye miwani, amevaa sweta, daftari mkononi. Alilikagua vizuri sana. Akalala chini na tochi, akanusa oili kwenye kijiti, akapapasa tairi kwa ndani pale zinapoliwa upesi kwa vile nimezilaza. Nikawasha, mgurumo ukajaa uwanja mzima, bwana yule akafumba macho. Nikasema huyu ndiye. Hata bei hakuipigania sana. Akafungua daftari, akashika kalamu, akaniuliza:

"Na hii inaenda kilomita ngapi kwa lita moja?"

Nikachukua funguo zangu. Nikamwambia samahani sana ndugu yangu, nimesahau, kuna mtu ameshalipa rubuni.

Mke wangu, aliyekuwa dirishani juu, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na jengo zima, "Nani?"