Namba ya siri ni yako, taarifa zako wanazo wengine

Mtu akitapeliwa, swali la kwanza anaulizwa: "Ulimpa nani namba yako?" Swali hilo lina msingi. Matapeli wengi hawavunji mtambo wowote. Hupiga simu wakijifanya wahudumu wa benki, humtisha mtu kwamba akaunti yake inafungwa, kisha humwomba awasomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yake. Akizisoma, amewafungulia mlango kwa mkono wake. Kukata simu na kuipigia benki kwa namba unayoijua ni kinga ambayo hakuna mwingine awezaye kuitumia kwa niaba yako.

Lakini wanaoishia hapo wanawaonea waathirika. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii. Upenyo waliotumia ulikuwa umeshapatiwa marekebisho, ila kampuni haikuyaweka. Watu hao wangejihadhari vipi, na wengi wao hawakuwahi kuikabidhi kampuni hiyo chochote wao wenyewe? Nenosiri likivuja unalibadilisha. Tarehe ya kuzaliwa huibadilishi.

Ndiyo maana taasisi inayomtambua mteja kwa tarehe ya kuzaliwa na jina la mama yake inanitia wasiwasi. Kwa taarifa hizohizo tapeli huweza kumshawishi mhudumu wa simu amhamishie laini yako, na ujumbe wa uthibitisho ukamfikia yeye bila wewe kutamka neno. Programu ya uthibitishaji, inayotengeneza tarakimu za uthibitisho ndani ya simu yenyewe, ni salama zaidi kuliko ujumbe mfupi, kama huduma unayotumia inairuhusu.

Uingereza imechukua hatua. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyelaghaiwa akatuma pesa ndani ya nchi hurudishiwa hadi pauni 85,000, benki ya mtumaji na ya mpokeaji zikigawana gharama nusu kwa nusu. Wapo wanaohofu kwamba watu watazembea. Hofu hiyo naielewa, ingawa kanuni yenyewe inaruhusu kumnyima fidia aliyezembea kupita kiasi. Kinachonivutia zaidi ni ile nusu ya benki ya mpokeaji. Pesa ya wizi lazima itue kwenye akaunti fulani, na kuna benki iliyoifungua. Sasa nayo ina sababu ya kumchunguza mteja wake kabla pesa haijatolewa.