Supagluu Ilivyonitolea Ushahidi

Kabla hamjanicheka naomba ieleweke kwamba hii kazi naijua. Nimeunganisha modeli za magari miaka mingi tu, yale ya plastiki ya skeli ya 1/24, na tatizo langu halijawahi kuwa mikono, tatizo ni mdomo. Nikiona kazi ya mtu siwezi kunyamaza. Kundi letu tukikutana kila mtu anaweka gari yake mezani, wenzangu wanaangalia rangi wanasema "safi sana", mimi natoa rula ya chuma na lenzi mfukoni. Kuna mtu aliwahi kuleta Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, na kikaratasi kabisa ameandika ni ya 1955, nikamwambia kaka kioo cha nyuma cha vipande viwili kiliachwa 1953, hiyo gari yako haipo duniani. Akakikunja kikaratasi chake akakitia mfukoni. Nikajiona nimeokoa taifa.

Ila aliyeumia zaidi ni dogo mmoja hivi, mpole sana, alileta Mini nyekundu, gari ya kwanza kabisa kuimaliza. Rangi imekaa vizuri tu, sema juu ya paa pembeni kuna alama ya kidole gumba, aliishika kabla haijakauka. Mtu mwenye utu angepita kimya. Mimi nikatoa rula. Nikamwambia dogo, kwenye 1/24 kila kosa lizidishe mara 24 ndo ujue kwenye gari yenyewe lingeonekanaje, hii alama yako ni milimita 15, mara 24 ni sentimita 36, sasa hebu tuambie ni jitu gani limeshika paa la hii gari? Watu walicheka wakashika mbavu. Dogo naye akacheka, kile kicheko cha upande mmoja wa mdomo, halafu taratibu akaifunika Mini yake na kitambaa.

Mkutano uliofuata nilitaka kuwaonyesha kazi inavyofanywa. Beetle, sentimita 17 kutoka bampa hadi bampa, nimekaa nayo miezi miwili. Msasa wa maji, praima, rangi tabaka tatu nyembamba, vanishi juu, nikaipiga polishi mpaka taa ya chumba inajiona kwenye buti (buti ya Beetle iko mbele, injini nyuma, na ndiyo, kuna mtu nishamsema kwa hilo pia). Vikabaki vioo tu, na ilikuwa usiku wa kuamkia mkutano.

Sasa vioo vya modeli vinabandikwa na ile gundi nyeupe ya maji, ya kubandikia karatasi, haitoi mvuke mkali wala haichafui, ila inataka uipe usiku mzima. Hilo mimi nimewahubiria watu mpaka wakanichoka. Lakini saa sita usiku, macho mazito, supagluu hii hapa mkononi, nikasema tone dogo tu kwenye kona, nani atajua? Nikaweka tone, nikabonyeza kioo kwa ndani na kidole gumba, nikahesabu mpaka 30, kikashika kama kimezaliwa pale. Vyote dakika 10. Nikavikagua na lenzi, vyangavu kabisa, hata doa hamna. Halafu nikaingiwa na hofu ya vumbi, nikaitia gari kwenye kontena la plastiki lisiloonyesha ndani, nikabana mfuniko mpaka ukalia ta! Nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda tayari.

Asubuhi nikachelewa, nikabeba kontena kama lilivyo bila hata kuchungulia. Kufika meza imezungukwa, nikaliweka katikati, nikakohoa kidogo, nikafunua kwa madaha kama waziri anayezindua daraja.

Kimya. Mi nikajua ni kimya cha heshima. Nikainama nitazame na mimi.

Vioo vyote vimeota vidole. Sio ukungu jamani, vidole! Vyeupe, mstari kwa mstari, ile mizunguko yote ya ncha ya kidole imejichora kama muhuri. Kioo cha mbele gumba la kulia, dirisha la dereva kidole cha shahada, na kule nyuma vitatu vimejipanga kwa ndani utadhani kuna mtu kafungiwa humo anaomba msaada.

Kumbe mvuke wa supagluu ukiufungia mahali unakwenda kutafuta jasho na mafuta ya vidole, unaganda juu yake unakuwa mweupe. Polisi wanautumia huo huo, ilianzia huko Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, wanaweka ushahidi ndani ya kabati lililofungwa wanapasha supagluu moto, na alama ambazo jicho halikuziona zinajitokeza zenyewe. Kwa hiyo mimi nimejifungulia maabara ya upelelezi ndani ya kontena, mpelelezi mimi, mtuhumiwa mimi.

Dogo akasogea. Adabu zake zote anazo, mikono nyuma. "Kaka, samahani, naomba rula yako."

Ungefanyaje? Nikampa. Akaegemeza rula kwenye kioo cha mbele, polepole, hataki hata kugusa rangi. "Gumba, milimita 18." Akafumba macho anapiga hesabu, na lile kundi lote limeshika pumzi. "Mara 24... sentimita 43." Akanirudishia rula kwa mikono miwili. "Kaka, lile jitu limekua."

Kilichofuata sikisimulii, ila kuna mtu mzima alikaa chini sakafuni kwa kucheka.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikachukua ile dawa ya kutolea rangi ya kucha ya mke wangu, si ina asetoni, na asetoni inatoa supagluu. Inatoa kweli. Inayeyusha na plastiki ya modeli vilevile, na hilo nalo nilikuwa nalijua, sema hasira. Nikalowesha pamba nikasugua mara ya kwanza, kidole kikaondoka. Mara ya pili kioo nacho kikaanza kuondoka, kikageuka rangi ya maziwa, pamba ikang'ang'ania humo, kuivuta ikaacha nyuzi nyuzi, sasa kioo cha mbele kina ndevu.

Mke akasimama mlangoni. "Unafanya nini na dawa yangu?"

"Nafuta kidole."

"Cha nani?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikapiga picha nikamtumia dogo, maana nani mwingine ningemuuliza, nikaandika: dogo, hapa bado kuna namna? Akakaa dakika mbili naona tu anaandika, anaacha, anaandika, halafu ikaingia:

"Kaka, kuharibu ushahidi ni kesi nyingine."