Sarufi ya Bibi haikungoja shule

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye kikao cha wazazi pamoja na mama yangu mzazi. Yeye ndiye anayekaa na binti yangu mchana, ndiye anayempokea basi la shule linapomshusha, kwa hiyo nilitaka asikie mwenyewe maendeleo ya mjukuu wake. Mwalimu wa taaluma akasoma wastani wa darasa la pili, akafunga daftari, akasema: "Wazazi, tunawaomba, hivi vilugha viacheni vijijini. Havina sarufi. Vinamchanganya mtoto akili."

Ukumbi mzima uliitikia kwa vichwa. Mama, ambaye nyumbani huongea Kichaga, hakuitikia. Tangu siku ile anazungumza na mjukuu wake kwa Kiswahili tu, kile cha kanisani na sokoni, na hadithi za jioni zimekoma. Juzi mtoto aliomba hadithi, akajibiwa, "Bibi amechoka, lala." Hakuwa amechoka. Alikuwa ameambiwa mbele ya watu kwamba anaharibu mtoto.

Nimekaa na hasira hii siku nne.

Havina sarufi. Watu wengi wakisikia neno sarufi wanaona kitabu na mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Kwa yeyote aliyesoma isimu, yaani elimu ya lugha, hata muhula mmoja, kitabu kinakuja mwisho kabisa. Sarufi ni ile mizani ya kichwani inayokuambia sentensi hii imekaa na ile imepinda, kabla hujajua kueleza kwa nini. Kila mtu anayezungumza anayo. Hakuna kabila lililowahi kupatikana duniani, liwe la wawindaji au la wafugaji, likiwa na lugha isiyo na kanuni.

Jaribu mwenyewe, hapo ulipo. Mke amepakuliwa chakula ugenini, ameshiba, na mume anamsaidia kukimaliza. Kuhusu chakula utasema anakila. Kuhusu mke utasema anamlia, yaani anakula kwa niaba yake. Sasa viweke vyote viwili ndani ya kitenzi kimoja: anakimlia. Umesikia kinavyogoma? Ni mwalimu gani alikufundisha kwamba kitenzi cha Kiswahili kinabeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa, na cha pili hakipandi? Mimi sikufundishwa, na sijakutana na aliyefundishwa. Ulikijua kikataacho kabla hujaanza chekechea.

Kivunjo, Kichaga chetu cha upande wa Marangu, kinabeba vyote viwili. Mama yangu, aliyeishia darasa la nne, anasema naikimlyiia. Neno moja. Ukilifungua unakuta n ya mwanzo inayoweka mkazo kwenye habari, a ya huyo anayekula, i ya wakati uliopo, ki ya chakula, m ya mke, lyi ambao ndio mzizi wa kula, i ya kutendea na a ya kufungia. Vipande nane. Ukibadili mpangilio wake, Mama atakushangaa kama wewe ulivyoshangaa kusikia anakimlia. Na hapo sijagusa sauti zinavyopanda na kushuka, jambo ambalo Kiswahili kimeshalipoteza na Kichaga bado kinalo. Wala sijagusa nyakati zake, ambazo hutenganisha kilichotokea leo na kilichotokea jana kwa umbo la kitenzi chenyewe.

Neno hilo la chakula cha mke lina historia. Mwaka 1990 Joan Bresnan, mwanaisimu wa Marekani, na Lioba Moshi, Mtanzania anayekijua Kivunjo, walichapisha makala iliyosomwa na wanaisimu wa dunia nzima. Swali lao lilikuwa hili: kitenzi kikiwa na watendwa wawili, chakula na anayepikiwa, je, wote wana haki sawa? Kwa Kiswahili hawana. Utasema "mtoto amepikiwa uji" bila wasiwasi, lakini ukisema "uji umepikiwa mtoto" masikio ya wengi yanakataa. Kwa Kichaga zote mbili zinakubalika. Mtendwa yeyote kati ya wawili anaweza kuwa mbele, na yeyote anaweza kuingia ndani ya kitenzi, hata wote kwa pamoja. Walichoonyesha ni kwamba tabia hizi hazitokei ovyo, kila moja kivyake. Zinatembea pamoja, kana kwamba swichi moja imewashwa kwenye lugha hii na kuzimwa kwenye ile. Makala hiyo imejadiliwa vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka 30. Nadharia kuhusu akili ya binadamu imejengwa juu ya sentensi za wanawake wanaopika kwenye migomba ya Kilimanjaro, halafu mtu anasimama ukumbini anamwambia mmoja wao kwamba lugha yake haina sarufi.

Niliposoma maelezo ya neno lile kwa mara ya kwanza, nikiwa chuo, nililia. Shule ya msingi niliyosoma mimi ilikuwa na kibao cha shingoni kwa aliyekamatwa akiongea Kichaga, na nimekivaa zaidi ya mara moja. Nilikuwa na miaka minane, umri wa binti yangu sasa.

Nirudi kwa mtoto, kwa sababu ndiye anayedaiwa kuchanganywa.

Alipokuwa na miaka mitatu alikataa uji akasema, "Sikuli!" Nilicheka, nikamsahihisha: sili. Kesho yake, "Sikuli." Wiki nzima, sikuli. Hakuna mtu nyumbani aliyesema hivyo, alilitoa wapi? Alilitoa kwenye kanuni. Napenda, sipendi. Nataka, sitaki. Nakula, sikuli. Alikuwa amekusanya vitenzi alivyovisikia, akavichambua, akapata njia ya kukanusha, akaitumia mahali ambapo sisi wakubwa tuna umbo la kipekee la kukariri. Kosa lile lilikuwa ushahidi kwamba haigi tu. Kasuku hawezi kukosea hivyo.

Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Marekani picha ya kidude alichokibuni na kukipa jina la kubuni, wug, kisha akawaonyesha viwili na kuwauliza vinaitwaje. Watoto walitoa wingi wa neno ambalo hawajawahi kulisikia. Fanya hivyo na mtoto wako leo. Chora kitu, kiite kidapu, halafu chora viwili. Atasema vidapu. Sisi wakubwa tunafanya hayohayo: mzunguko wa barabarani tuliuita kipilefti kutokana na maneno mawili ya kibao cha Waingereza, na mara moja ukawa na wingi, vipilefti. Kitabu nacho kilitoka Uarabuni, ambako ki yake haikuwa kiambishi hata kidogo, na sisi tukasema vitabu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua.

Je, lugha mbili au tatu zinamchanganya? Binti yangu hajawahi hata siku moja kumsalimia mwalimu kwa shimbonyi, salamu ya Kichaga. Anajua nani ni wa lugha gani. Utafiti wa Janet Werker na Richard Tees wa mwaka 1984 ulionyesha watoto wachanga wa Kanada, wa miezi sita hadi minane, wakitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wanaozungumza Kiingereza hupata tabu kuzitofautisha. Karibu na mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umepungua, kwa sababu hawakuzungukwa na lugha hiyo. Mtoto huja na masikio yaliyofunguliwa kwa lugha yoyote. Sisi ndio tunaoamua nini kiyafikie.

Mfano unaonigusa kuliko yote haukutoka kwa wasemaji kabisa. Nchini Nikaragua, hadi katikati ya miaka ya 1970, watoto viziwi wengi waliishi kila mmoja kwao, wakiwasiliana na familia kwa ishara za nyumbani. Mwaka 1977 kilifunguliwa kituo cha elimu maalumu jijini Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 watoto wakazidi kuletwa pamoja. Walimu walikazana kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo na hawakufika mbali. Lakini uwanjani na ndani ya mabasi watoto waliunganisha ishara zao. Wadogo waliokuja nyuma walizipokea zikiwa legelege, wakazipa mpangilio ambao wakubwa wao hawakuwa nao. Mwaka 1986 serikali ilimwita mwanaisimu Judy Kegl aje aeleze kinachotokea, na alichokikuta kilikuwa lugha mpya, yenye kanuni zake, iliyojengwa na watoto ambao hakuna aliyewafundisha. Kenya iliandika Lugha ya Ishara ya Kenya ndani ya katiba ya 2010 kuwa moja ya lugha za Bunge. Kama watoto waliozaliwa bila kusikia wanaweza kuijenga sarufi kutoka kwenye ishara za uwanjani, vipi leo tuambiwe kwamba wazee wa Vunjo, kwa karne zote walizozungumza, wameshindwa?

Najua wanaisimu wenyewe hawakubaliani. Noam Chomsky amesisitiza kwamba sehemu ya sarufi tunazaliwa nayo. Michael Tomasello na wenzake wanasema mtoto anaijenga kutokana na anachosikia na uwezo wake wa kusoma nia za watu. Wagombane. Hakuna upande hata mmoja unaosema kwamba lugha ya Bibi ni kasoro.

Na lile neno vilugha. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kiliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Kingechagua Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, leo walimu wangewakosoa watoto wa Dar es Salaam kwa kusema macho badala ya mato. Usanifu ni uamuzi wa watu mezani, nao ni uamuzi wenye faida; mimi hapa naandika kwa Kiswahili hicho hicho, ninakipenda, na ninamshukuru kila aliyekijenga. Ila hakikupewa sarufi siku ile. Waunguja walikuwa nayo tayari.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu ana mzigo. Mitihani ya shule yake iko kwa Kiingereza, wazazi tunalipa ada tukidai Kiingereza, na mtoto akifeli lawama ni yake. Angesema "mwongezeeni Kiingereza nyumbani" ningemwelewa. Lakini hakusema ongezeni, alisema acheni, na aliyemsikia na kutii ni mwanamke wa miaka 71 ambaye hakuna lugha nyingine anayoweza kumsimulia mjukuu wake bila kutafuta maneno.

Jana jioni nilikuwa sebuleni nikamsikia Mama jikoni akimwita mtoto kwa Kichaga, kwa haraka, maana sufuria ilikuwa inafurika. Halafu akajikata katikati ya neno, akaanza upya kwa Kiswahili, polepole. Nikaingia nikazima jiko. Nikamwambia, "Mama, endelea kama ulivyoanza."

Alinitazama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Na mwalimu je?"

Nimemwambia kwamba mwalimu nitakwenda kuonana naye mimi, Jumatatu asubuhi. Yeye hajajibu bado.