Siku Mguu wa Tembo Uliponiambia Tembea

Kosa la kwanza lilikuwa kumpa shangazi yangu semina ya adabu za ukumbini. Kosa la pili lilikuwa kunywa chupa nzima ya maji wakati wa kutoa semina hiyo.

Tulikuwa tunakwenda kuona The Lion King, ile tamthilia ya muziki ya jukwaani kuhusu simba na wanyama wenzake. Yeye mara ya kwanza, mimi mara ya nne, na mtu wa mara ya nne ni hatari kuliko mgeni. Mgeni huuliza. Mzoefu hujibu hata asipoulizwa. Njia nzima nilimimina: kwamba onyesho hili lilifunguliwa New York mwaka 1997, kwamba mwaka uliofuata mwongozaji wake, Julie Taymor, alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony, ile tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, ya kuongoza tamthilia ya muziki, kwamba twiga wake ni mtu aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili miguuni na miwili mikononi, shingo ikiwa imefungwa kichwani.

"Mwanangu," akanikatiza, "na sisi tutakaa wapi?"

Hapo ndipo aliponigusa panapowasha. Watu hukimbilia mstari wa kwanza wakidhani mbele ndiko kuzuri. Mstari wa kwanza unaona matundu ya pua za waigizaji na huoni miguu yao, kwa kuwa jukwaa liko juu, na kati yako na jukwaa kuna shimo la orkestra, wanamokaa wapiga muziki. Ukipenda kuona dansi inavyojipanga na kujipangua, panda roshani ya kwanza, mistari ya mbele. Ukipenda sauti iliyopimwa sawasawa, kaa jirani na meza ya fundi sauti, ambayo mara nyingi huwekwa nyuma ya viti vya chini. Anachosikia yeye ndicho utakachosikia wewe. Lakini kwa onyesho hili mimi sina mjadala: chini, kiti cha pembeni, kinachopakana na njia. Katika wimbo wa ufunguzi si wanyama wote wanaotokea jukwaani. Wengine huingia kutoka migongoni mwa watazamaji, wakashuka katikati ya viti hadi mbele, akiwemo tembo.

"Tembo mzima?"

"Watu wanne, Shangazi. Kila mguu na mtu wake."

"Na tumbo?"

"Tumbo halina mtu."

Akanyamaza kidogo, akilisikitikia tumbo.

Nilikuwa nimekata tiketi za mstari wa K, viti viwili vya mwisho. Changu kile cha njiani. Tulifika dakika 40 kabla ya kuanza, kama nisemavyo siku zote, na hapo nikamalizia semina. Simu: usiibane sauti tu, izime kabisa, maana kengele ya kuamshia haijui kwamba umebana sauti. Pipi: fungua karatasi kabla taa hazijazimwa, ukiifungua polepole hupunguzi kelele, unazirefusha. Mgongo: ukae kitini, kwa sababu ukiinama mbele kidogo tu, aliye nyuma yako anapoteza kipande cha jukwaa. Kuimba pamoja nao: hapana, hata kama sauti unayo.

"Na chooni?"

"Chooni unakwenda ukifika tu, kabla hujakaa," nikasema, nikapiga funda la mwisho la chupa.

Zikiwa zimebaki dakika 8, chupa ikaanza kudai haki yake.

Mshabiki wa tamthilia haendi chooni kwa hisia, huenda kwa hesabu. Nilifika nikakuta wanawake 9 kwenye foleni na vyoo vitatu. Mtu mmoja, wastani, dakika moja na nusu. Kila choo watu watatu mbele yangu: dakika nne na nusu, jumlisha yangu, dakika sita. Nabakiwa na mbili za kurudi, na maonyesho huchelewa kuanza dakika mbili tatu. Hesabu ilikuwa safi. Nilichosahau kuingiza ni kwamba choo kimoja kitasa chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo kila aliyeingia alihitaji mwenzake wa kuushika mlango, na kwamba mmoja wa wale 9 alikuwa mama mwenye watoto watatu, ambaye kwenye hesabu za foleni si mtu mmoja, ni ukoo.

Kengele ya mwisho ilinikuta nanawa. Nilipofika mlango wa ukumbi, ulikuwa umefungwa, na mhudumu amesimama mbele yake kwa upole wa chuma. Akaniambia nisubiri hadi patakapopatikana pengo. Sababu nazijua, nimewaeleza wengi: mlango ukifunguliwa, mwanga wa nje hukata giza ambalo mafundi wa taa wamelipanga, na katika onyesho hili zile njia zenyewe ni sehemu ya jukwaa. Wanaopita humo wamebeba vinyago na vikaragosi, wengine wanaona mbele kwa tundu tu, na wanatembea kwa kuhesabu mapigo ya ngoma. Hawawezi kusimama kukupisha. Akisimama mmoja, wote wa nyuma yake wanachelewa kufika jukwaani.

Nilikubaliana naye kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba upande wa pili kuna mlango mwingine.

Mtu akitoka kwenye sebule yenye taa kali, macho yake huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa. Mimi sikuwa nazo, lakini nilikuwa na ujanja: unafumba jicho moja ukiwa bado kwenye mwanga, unalifumbua ukishaingia gizani, linaona kama la paka. Ujanja huo ni wa kweli na unafanya kazi. Ila usisahau kwamba jicho moja halipimi umbali vizuri. Kwa hiyo nilijitosa kwenye mlango wa pili, ambao kwa bahati mbaya haukuwa na mlinzi, jicho moja wazi, jingine likiwa bado limepofuka kwa taa za sebuleni, mkono mbele, mtandio wa shangazi mabegani (alinivika yeye, wa rangi ya machungwa, una mashada marefu pembeni), nikapapasa hadi nikashika pazia zito.

Pazia likapumua.

Nikalishika vizuri zaidi, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Likasema, kwa sauti ya kiume ya kunong'ona: "Samahani, dada, huo ni mguu wangu."

Niliogopa hata kusema "mama yangu." Vipaza sauti vya waigizaji hawa ni vidogo mno, hufichwa kwenye nywele juu kidogo ya paji la uso, na hunasa chochote kinachosemwa karibu; sikujua kama tembo anacho, na sikutaka kujulia pale. Upande wa jukwaani, mwito wa kwanza ulishapigwa na waimbaji wengine walikuwa wanaitikia. Wapiga ngoma wa pembeni, wale wanaokaa kwenye vijiroshani vya kulia na kushoto juu ya watazamaji, wakaingia. Tembo akajaa njia yote, ukuta kwa ukuta. Nyuma yake wenzake. Mlango niliouingilia sikuuona tena. Mguu wa mbele wa kulia ukanong'ona neno moja ambalo kwa lugha yetu lingekuwa "Tembea."

Nikatembea.

Naomba nieleweke: sikuwa na njia nyingine. Tembo huyo hapindi. Hana rivasi. Ndani yake mna watu wanne wanaolazimika kuinua hatua kwa pamoja, na wamepewa mapigo kadhaa tu ya kuvuka ukumbi mzima hadi jukwaani. Mpango wangu ulikuwa mmoja: kutangulia mbele yake hadi mstari wa K, nichepuke kitini, mambo yaishe. Nikaanza kuhesabu herufi kwenye viti. S, R, Q, P. Watu wakageuka. Mzee mmoja alikuwa anafuta machozi. Wimbo huu huwaliza watu hata kabla hakijatokea chochote. Lile jua la vipande vya hariri linapopanda nyuma ya jukwaa, mimi mwenyewe hulia kila mara, na pale nilipokuwa nalia pia, ingawa kwa sababu tofauti.

Kufika M nikagundua jambo la kutisha. Walikuwa wananitazama mimi. Mwanamke asiye na tiketi mkononi, mwenye mtandio wa machungwa wenye mashada, anatembea kwa mapigo ya ngoma mbele ya tembo, jicho moja limefumbwa: kwa mtu wa kawaida huyo ni ndege. Nikaona bora niwe ndege kuliko kuwaharibia. Nikainua mikono, nikapepea kidogo. Siyo sana. Kwa heshima.

Mstari wa K. Kiti changu kina mtu.

Kilikuwa na kitoto cha miaka kama sita, kimesimama juu yake kwa miguu yote miwili. Shangazi, aliyenisikiliza semina yote bila kukosa neno, alikuwa amenisikia nikisema kwamba kuacha kiti cha njiani kikiwa tupu kwenye onyesho hili ni dhambi, akamwita mtoto wa mstari wa nyuma aliyezibwa na kichwa cha baba mrefu. Nilipomkaribia Shangazi, akanitambua. Macho yakamtoka. Nikamkazia jicho langu moja, maana yake "nipishe." Yeye akadhani namwonyesha ishara ya kishabiki, akanipigia makofi.

Mguu wa kulia ukanigusa kisigino. Nikaendelea. J. H. (Kumbi nyingi haziweki mstari wa I, watu wasije wakausoma kama namba 1. Sijui kwa nini akili yangu ilichagua kunikumbusha hilo wakati ule.) G, F, E. Mbele yangu hapakuwa tena na kiti, palikuwa na jukwaa, na kwenye jukwaa swala wanaruka na twiga wawili, karibu mita 5 na nusu kila mmoja, wananisubiri. Nikajiona nikipanda. Nikajiona nikifika pale juu ya jabali na kukabidhiwa mtoto wa simba.

Kwenye mstari wa A, mkono ukatoka gizani, ukashika mtandio kwa mashada, ukanivuta chini. Alikuwa mhudumu yule yule wa mlango wa kwanza, amechuchumaa. Nilianguka kwa makalio kwenye zulia, mgongo kwenye ukuta wa shimo la orkestra, uso kwa uso na magoti ya watu waliolipia kuona mapua. Tembo akapita, akapanda. Kwa mara ya kwanza maishani niliuona wimbo huo nikiwa nimewaelekea watazamaji: nyuso zimeinuliwa, midomo wazi, nuru ya jua la hariri inawatambaa mashavuni mstari baada ya mstari. Sina hakika kama kuna kiti bora zaidi ukumbini. Kisha ngoma ya mwisho, taa zikakatika zote kwa mpigo mmoja, makofi yakalipuka, na ndani ya makofi hayo (ndilo pengo lenyewe, huwa fupi mno) mhudumu akanisindikiza mbio hadi kitini bila kusema lolote. Kilichoniuma ni kwamba hakusema lolote.

Baada ya hapo nilitulia kama maji mtungini. Ila sasa shangazi ndiye aliyeanza. Watu wengine ukumbini walisikia majina. Sisi tulisikia maneno.

"Simba anaitwa Simba?" akaninong'oneza. "Ni sawa na mtu kumwita mwanawe Mtu."

"Shangazi, tafadhali."

"Na huyu mganga, Rafiki ni jina au ni cheo?"

Kisha wakaja fisi, na fisi jike akaitwa kwa jina lake, Shenzi, kwa sauti kamili, kwenye kimya. Shangazi alijitahidi. Aliuma mtandio. Lakini kicheko kilimtoka kwa puani, kirefu, cha mtu aliyesikia mwenzake akitukanwa hadharani kisha akaitika. Mistari mitatu ikageuka. Yule mhudumu akasogea hatua mbili akitutazama, na niliona moyoni mwake ameshatuweka kwenye kundi moja.

Mapumziko yalipofika sikwenda chooni. Nilibaki nimekishika kiti changu kwa mikono miwili. Yule mtoto akaja, amesimama mbele yangu, ananikagua kuanzia mtandio hadi viatu.

"Wewe ulikuwa mnyama gani?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimjibu ndege. Shangazi akaniwahi.

"Huyu? Huyu ni Pumbaa."

Mtoto akakunja uso. Pumbaa alikuwa amemwona jukwaani muda si mrefu. "Hapana. Pumbaa ni ngiri."

"Kwenu ndiyo ngiri, baba," akasema shangazi, akinitengenezea mashada begani. "Kwetu ni huyu."