Dhamana ya gari la mtumba ni ahadi ya nani?
Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anawashauri wanunuzi wa magari ya mtumba kutoka Japani walipie dhamana ya nyongeza (ahadi ya kutengenezewa gari likiharibika) inayouzwa na yadi za magari, ushauri ambao mimi naukubali nusu tu. Huko Japani dhamana ya kiwandani kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000, na kwa injini na gia boksi ni miaka 5 au kilomita 100,000. Kwa hiyo gari linaloteremshwa Mombasa likiwa na miaka 7, karibu na kikomo cha umri wa miaka 8 kilichowekwa na Kenya kwa magari ya mtumba yanayoingizwa, halina dhamana iliyobaki ya kurefushwa, na kinachouzwa ni ahadi mpya ya muuzaji mwenyewe. Mimi niliilipia. Gia boksi ilipoanza kukwama mwezi wa tano, niliambiwa nimepoteza haki kwa kuwa oili ilibadilishwa katika gereji isiyo yao, sharti lililofichwa ukurasa wa mwisho kwa maandishi madogo (nakiri sikuyasoma). Kwa Toyota ya kawaida, ambayo spea zake zinapatikana kila mtaa, ningeweka fedha hizo akiba. Kwa gari la haibridi, linaloendeshwa kwa injini pamoja na mota ya betri, ningelipia, ilimradi mkataba uitaje betri waziwazi.