Kipara cha Mkwe Si Ukuta

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kuwasimulia ndugu wote, kuanzia Moshi mjini hadi Rombo, mkasa wa Jumamosi kwa namna yake, akidai kwamba nilimkanyaga baba yake kichwani kwa makusudi ili nimshinde, ninalazimika kueleza yaliyotokea kwa utaratibu. Nawaomba mnaonifuatilia msicheke mpaka mjue sheria.

Yalikuwa mashindano ya wazazi, meta 50 kwa mgongo, katika bwawa la meta 25 la hoteli moja hapa Moshi, lisilo na kamba za kugawa njia. Anayeogelea chali haoni aendako. Huona mawingu tu, na akibahatika huona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ndiyo maana sheria za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, zinataka vibendera vitundikwe juu ya maji, kimo cha meta 1.8, meta 5 kutoka kila ukuta, ili mwogeleaji akivipita ahesabu mikono, yaani mara anazovuta mkono, na kujua kwamba ukuta umekaribia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kamba ya kwanza ya vibendera ni ya upande ninaotoka, hainihusu, ya pili ndiyo ya kugeukia, na kutoka hapo ni mikono minne. Nisilolijua ni kwamba wakati wa chai mpambaji wa sendofu iliyotarajiwa kufanyika pale jioni alikwisha kutundika kamba yake ya vitambaa vya dhahabu, tena katikati kabisa ya bwawa. (Vilipendeza. Sina kinyongo na vitambaa.)

Filimbi ilipolia nilijisukuma, nikaipita kamba ya kwanza, nikatulia. Ya pili ikapita juu ya uso wangu, nikaanza kuhesabu.

Hapa naomba twende polepole, maana ndipo shemeji alipopita mbio. Sheria hairuhusu kuacha mgongo isipokuwa wakati wa kugeuka: bega likishavuka wima na kifua kikatazama chini, unavuta mkono mara moja bila kusita, kisha unabiruka. Nilitimiza yote hayo kwa unadhifu ambao sijawahi kuufikia mazoezini. Nililaza kifua, nikavuta mkono, nikabana kidevu, nikabiruka, na nyayo zangu zikaenda kuutafuta ukuta ambao, kwa mujibu wa watu waliokuwa na macho, ulikuwa bado mbali sana. Zikaukosa. Kisha zikaupata. Ulikuwa wa mviringo, wenye joto, unaoteleza kidogo, na nakumbuka niliwaza, huko huko chini ya maji, kwamba hoteli imebadilisha vigae.

Baba mkwe, mzee mstaafu ambaye nilidhani yuko nyuma yangu, alikwisha kugeuka kihalali na alikuwa akirudi chali kwa mwendo mzuri, kipara kikiwa mbele. Nami nilikuwa nimepinda hadi kwenye njia yake. Nilikunja magoti, nikazipanga nyayo zote mbili sawasawa, nikajisukuma kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. (Mlio na video, nawajua. Ifuteni.)

Kilichoniuma zaidi ni furaha niliyokuwa nayo baada ya hapo. Niliteleza chini ya maji kwa teke la pomboo, miguu yote miwili ikipiga pamoja, kwa kuwa baada ya kugeuka inaruhusiwa hadi meta 15, nikasikia kelele za watu, nikaamini ni za kunishangilia, nikaongeza kasi, nikagusa ukuta nikiwa bado chali kama inavyotakiwa, na nikainua ngumi juu. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale ukingoni, ameshika taulo la mumewe.

Mwamuzi aliniengua kwa kulala kifudifudi pasipo na ukuta, kwa kutougusa ukuta wa mbali na kwa kumzuia mwogeleaji mwingine; mzee alikohoa maji, akamaliza wa mwisho; sendofu ikafanyika.

Jumapili nilikwenda kwake na jani la isale mkononi, ambalo kwetu Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha. Alilipokea, kwa kuwa Mchaga hakatai isale, lakini aliweka sharti moja mbele ya mashahidi: mashindano yajayo nishiriki mtindo wa kifua, ili macho yangu yatazame huko miguu inakokwenda kutafuta ukuta.